Vikao, Makao na Makazi: Uhakiki wa Insha za Safari ya Dodoma

Utangulizi

Katika muhula uliopita kikundi cha wanafunzi wetu wa Kiswahili kilisafiri kwa basi kutoka Kampala hadi Dodoma, mji mkuu wa Tanzania, kupitia mpaka wa Mutukula. Mjini kwenyewe walikaa siku mbili tu, kwa kuwa fedha hazikutosha kwa zaidi ya hapo. Waliporudi tuliwapa kazi ya kuandika insha yenye kichwa "Mji Mkuu Nilioutembelea". Ni desturi ya kijarida chetu kuchapa insha moja iliyo bora na kumpongeza mwandishi wake. Safari hii tumeonelea tusichape hata moja, bali tuzihakiki zote kwa pamoja. Sababu ni kwamba zinafanana mno, na kufanana huko kunatufunulia jambo kuhusu ufundishaji wetu wenyewe.

Tulizisoma hapa Kabalagala, dirisha likiwa wazi kuelekea barabara ya Ggaba. Kabla hatujamaliza insha ya tano tulikuwa tumekwisha kuwasikia watu watatu wakizungumza Kiswahili chini ya dirisha, kila mmoja na chake. Mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba wateja "banakuya" jioni. Kijana mmoja Mkenya alikuwa akibishana na mwendesha bodaboda juu ya nauli. Mlinzi wa lango, mzee aliyewahi kuwa askari, aliwaamulia kwa kile Kiswahili kifupi cha kambini. Tunaomba msomaji aikumbuke sauti ya hao watatu, maana tutaihitaji mbele.

Yaliyo mema katika insha

Uhakiki wa haki huanza na sifa. Wanafunzi wetu wamesoma na wamekusanya habari zao kwa uangalifu. Insha nyingi zimeeleza kwa usahihi kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, na kwamba mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la CDA. Wametaja mpango mkuu wa mwaka 1976 uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliotilia mkazo watu wa miguu, baiskeli na mabasi kuliko magari ya binafsi. Wamejua kwamba Bunge lilihamia huko mwaka 1996, kwamba Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kwamba mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali nzima ingekuwa imehamia ifikapo mwaka 2020. CDA ikavunjwa Mei 2017. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Wapo pia waliokumbuka Ikulu ya Chamwino iliyozinduliwa Mei 2023, Mji wa Serikali wa Mtumba, na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024.

Wachache wamevuka mipaka ya Afrika Mashariki wakaitaja Brasilia, iliyozinduliwa Aprili 1960, na Abuja, iliyochukua nafasi ya Lagos Desemba 1991. Mmoja alitufurahisha zaidi kwa kurudi nyumbani. Alikumbusha kwamba hata Uganda iliwahi kuwa na mji uliochaguliwa kwa ajili ya kutawalia, yaani Entebbe, makao ya Waingereza tangu miaka ya 1890 hadi uhuru wa mwaka 1962. Akaongeza kuwa jina hilo kwa Kiganda ni kiti. Hoja hiyo ilistahili aya nzima, lakini aliiacha baada ya sentensi moja akarejea kwenye orodha ya majengo.

Mji usio na watu

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi, na ndiyo inayozaa nyingine zote. Karibu kila sentensi katika insha hizi iko katika kauli ya kutendwa. Mji umepangwa. Barabara zimejengwa. Wizara zimehamishwa. Miti imepandwa. Kila sentensi ni sahihi na hakuna mwalimu atakayeipiga mstari mwekundu. Lakini Kiswahili kinaruhusu, baada ya kitenzi cha namna hiyo, kuongeza "na fulani", na huyo fulani hatokei. Msomaji anafika ukurasa wa tatu hajakutana na mtu hata mmoja aliyebeba tofali, aliyepika wali maharage, wala aliyelipa kodi ya chumba. Kumbe mji wenye wakazi zaidi ya 765,000, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, hauwezi kuwa mtupu.

Kasoro ya pili ni ya msamiati. Kitenzi kilichotawala ni "kutembelea", nacho tuliwapa sisi katika kichwa cha insha. "Kutembelea" kimetokana na "kutembea", lakini katika insha hizi hakuna anayetembea. Watu wanashuka kwenye basi, wanaliangalia jengo la Bunge, wanapiga picha katika Nyerere Square, wanapanda basi. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mtu aliye ugenini. Mgeni hufika, hufikia kwa mtu, hushinda, hulala, hukaa, huzoea, huhamia. Mtanzania akikutana na mgeni humwuliza, "Umefikia wapi?" Jibu la swali hilo halimo katika insha yoyote isipokuwa moja, ambayo tutaifikia.

Kasoro ya tatu ni ya hukumu. Wanafunzi kadhaa wamehitimisha kwamba Dodoma ni mji uliopoa, usio na uhai usiku, wakaulinganisha na Kabalagala ambako muziki na moshi wa nyama choma havikomi hadi alfajiri. Kulinganisha si kosa. Kosa ni kuhukumu kwa ushahidi wa usiku mmoja ndani ya gesti, mlango ukiwa umefungwa saa tatu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wetu waliondoka kabla ya siku ya jembe. Hawakupata nafasi ya kuona kwamba mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda Mtumba, karibu kilomita 17 kutoka katikati ya mji, hana sababu ya kukesha.

Mzizi mmoja, maneno matatu

Tungependa kuwaonyesha wanafunzi, na walimu wenzetu pia, kwamba lugha yenyewe ilikuwa tayari kuwasaidia kama wangeiuliza. Tuchukue kitenzi "kukaa". Kutokana nacho tunapata kikao, makao na makazi. Historia ya Dodoma tangu mwaka 1973 inaweza kusomwa kwa mpangilio wa maneno hayo matatu.

Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji wa vikao. Wajumbe wa chama walikwenda kwenye mikutano yao mikubwa, kwa mfano katika ukumbi wa Chimwaga, na baadaye wabunge wakawa wanakwenda kwenye vikao vya Bunge. Kikao kina mwanzo na mwisho. Kikiisha watu hufunga mikoba. Ndiyo maana mtu aliyeutembelea mji huo wakati wa Bunge angekosa chumba, na aliyefika baada ya Bunge angekuta nyumba za wageni zina nafasi tele.

Neno la pili, makao, ni la sheria na la mipango. Mamlaka iliyoundwa mwaka 1973 ilibeba neno hilo katika jina lake, na sheria ya mwaka 2018 ikalikamilisha. Makao makuu huweza kutangazwa hata kama wenye makao hawajafika. Kati ya uamuzi wa 1973 na tangazo la 2016 ilipita miaka 43, na muda wote huo Watanzania walisema Serikali "inahamia" Dodoma. Wakati uliopo unaoendelea unaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu sana. Kwa mwalimu wa sarufi huo ni mfano wa kuwekwa ubaoni.

Neno la tatu ni makazi, na hili halitangazwi. Makazi hufanywa na mkazi mwenyewe, kwa kulala, kuamka, kununua mchicha, kugombana na jirani na kupatana naye. Nchini Brazil wafanyakazi walioijenga Brasilia hawakurudi makwao kazi ilipokwisha kama wengi walivyotazamia. Walibaki, na miji yao ya pembeni, kama vile Taguatinga, ikawa sehemu ya mji mkuu ambayo michoro ya kwanza haikuipangia nafasi. Dodoma nayo ina majina ya mitaa yanayoonyesha mikono miwili ikiandika kwenye karatasi moja. Area A, Area C na Area D zimetoka kwenye ramani ya mpimaji. Nkuhungu, Nzuguni na Ipagala zina sauti ya Kigogo, lugha ya wenyeji wa pale. Leo mtu husema "Nakaa Area D" bila kufikiri kwamba hiyo ilikuwa herufi tu mezani kwa mpangaji wa miji. Herufi imekuwa kwao. Mwanafunzi aliyeyaandika majina haya yote katika mstari mmoja, akayatenganisha kwa mkato na kuendelea, alikuwa na makala nzima mkononi akaiacha idondoke.

Insha tuliyoiangusha

Sasa tuifikie insha ile moja. Vyumba vya gesti havikutosha, kwa hiyo wanafunzi wawili walipelekwa kulala kwa shangazi wa mwenzao, Mtanzania anayesoma nasi. Shangazi huyo ana nyumba yenye ua Nkuhungu, na vyumba vya uani amevipangisha. Mwandishi wa insha hakusema lolote kuhusu mwaka 1973. Alianza na hodi mlangoni, na aibu yake ya kumwamkia mama wa watu "habari yako", akiwa amesahau kwamba pale mtoto humwamkia mkubwa "shikamoo" na kungojea "marahaba". Mama alicheka, akamfundisha, kisha akaongeza na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi".

Asubuhi bomba halikutoa maji. Mama akawaambia, "Wanangu, ndoo zile pale." Wakaenda kuchota kwa jirani mwenye tangi, wakasimama kwenye foleni, wakajifunza neno "zamu" kwa namna ambayo hakuna orodha ya msamiati ingeweza kuwafundisha. Kwenye foleni walizungumza na wapangaji watatu: mwalimu wa shule ya msingi, mwendesha bodaboda, na karani wa ofisi moja ya Mtumba aliyehama kutoka Dar es Salaam akiwaacha watoto huko hadi wamalize darasa. Waliambiwa kwamba mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita mbele, jambo lililomshangaza Mganda aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi. Walistaajabu pia kwamba "bodaboda", neno lililozaliwa mpakani kwetu Busia, limefika hadi Nkuhungu na linazungumzwa kana kwamba ni la pale.

Katikati ya insha mwanafunzi huyo aliuliza swali ambalo hakulijibu. Iweje Kiswahili kimtumie mtu mmoja neno "mpangaji" kwa kuwa anachora mji, na kimtumie mwingine neno hilohilo kwa kuwa analipia chumba ndani ya mji huo? Akasema yule karani ni mpangaji wa pili, na huenda mji umepangwa na wote wawili.

Insha hiyo tuliipa alama za chini. Pembeni tuliandika kwa wino mwekundu "nje ya mada". Alama za juu zilikwenda kwa insha yenye tarehe 14 zilizopangwa vizuri.

Hatusemi haya kwa kujipiga kifua. Tunasema kwa sababu mwanafunzi yule alikuja ofisini kuuliza kosa lake, akajibiwa kwamba hakufuata dondoo, akaitikia na kuondoka. Tangu siku hiyo insha zake zimekuwa na tarehe nyingi na foleni hazimo tena. Tulipoziona insha zake mbili zilizofuata ndipo tulipotambua kilichotokea. Wanaosoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapwa mwaka 1951, watawakumbuka wajumbe waliotumwa pande zote, wakarudi na habari zenye manufaa, wakafungwa kwa sababu habari hizo hazikuwa zile zilizotarajiwa. Huwa tunawauliza wanafunzi katika mtihani ni nani aliyekosea katika kisa hicho, na huwa tunawapa alama wakijibu kwamba ni waliowatuma.

Kabalagala na makazi ya Kiswahili

Mwalimu mmoja katika idara yetu amepinga maoni haya, na hoja yake ni ya kuheshimiwa. Anasema mwanafunzi wa Uganda anahitaji kwanza Kiswahili cha ofisi, cha sheria, cha wizara na cha jumuiya, kwa kuwa hicho ndicho kitakachompa kazi. Foleni ya maji ataikuta mwenyewe. Tunakubali kwamba tarehe na istilahi ni lazima. Insha ya Nkuhungu ingekuwa bora zaidi kama ingejua kwamba karani yule alihama kwa sababu ya tangazo la Julai 2016. Mtu asiyejua makao hawezi kuyaeleza makazi kikamilifu.

Hata hivyo, tuitazame hali ya lugha tunayoifundisha. Mwaka uleule wa 1973 ambao TANU iliamua kuhamia Dodoma, Idi Amin alitoa amri hapa Uganda kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Mji na lugha vilitangazwa mwaka mmoja. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukipa hadhi ya lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo Kiswahili cha Uganda kimekuwa na vikao, tena vingi, na kimepewa makao katika sheria. Kinachokosekana kwa Waganda wengi ni makazi. Wanafunzi wetu wanakitembelea Kiswahili saa nne kwa wiki, wanapiga picha, wanarudi.

Hapa ndipo tunaporudi chini ya dirisha letu. Kabalagala, mtaa ulioshika jina moja na kile kitafunwa cha ndizi na unga wa muhogo, haukuwahi kuandikiwa sheria ya kuwa mahali pa Kiswahili. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Wakongomani walikuja na chao, Wakenya wanaosoma vyuo vya Kansanga wakaja na chao, askari wastaafu walikuwa nacho zamani, na Waganda wenye maduka wakajifunza cha kutosha ili wasipunjwe. Hatutaki kuupamba mtaa huu. Kodi hapa inapanda, kelele zinawanyima watoto usingizi, na Kiswahili cha pale si cha kuandikia mtihani. Lakini kinakaliwa. Mama wa vitenge anayesema "banakuya" anaishi ndani ya lugha hiyo siku nzima, huku mwanafunzi wetu mwenye shahada akipita mbele yake na kuagiza kwa Kiingereza.

Tulipowauliza wanafunzi kwa nini hawajawahi kuandika insha juu ya Kabalagala, walijibu kwamba hapana kivutio. Jibu hilo ni lilelile la Dodoma iliyopoa, ila limegeuzwa. Aliyefundishwa kutafuta majengo hataona watu, awe katika mji uliochorwa Toronto au katika mtaa usiochorwa na mtu.

Mapendekezo

Tumekubaliana mambo matatu katika idara, na tunayaleta kwa walimu wa vyuo na shule nyingine wayajaribu na watuandikie.

Kwanza, dondoo la insha ya safari libadilishwe. Badala ya "Mji Niliouutembelea" tuandike "Nilikofikia". Mwanafunzi atalazimika kumtaja mtu, mlango na salamu kabla ya kutaja mwaka.

Pili, safari ijayo iwe ya usiku tatu hata ikibidi kikundi kiwe kidogo zaidi, na angalau usiku mmoja mwanafunzi alale nyumbani kwa watu na apewe kazi ya mikono. Jembe la siku ya tatu lihesabiwe kuwa sehemu ya mtaala.

Tatu, kabla ya safari yoyote kila mwanafunzi apewe wiki moja ya kukaa na msemaji mmoja wa Kiswahili hapa Kabalagala, aandike anachokisikia kama kilivyo, kisha tukijadili darasani bila kukicheka. Sarufi sanifu itafundishwa palepale kwa kulinganisha, na tunaamini itakaa vizuri zaidi.

Ama kuhusu insha ya Nkuhungu, tumeirudia na kuipa alama mpya, na mwenyewe tumemwita tukamweleza kwamba kosa lilikuwa letu. Alishukuru kwa adabu. Hakutuambia kama ataandika tena hivyo, nasi hatukumlazimisha atuahidi. Tunangojea insha yake ijayo.